Kuondoa ukoko wa mafuta ya nyonyo kwenye injini ya ndege ya mfano

Injini ya ndege ya mfano inayotumia methanoli, ikikaa miaka kadhaa bila kusafishwa, huwa na rangi ya asali iliyoungua kuanzia mapezi ya kupozea hadi tundu la ekzosi. Wengi huuita uchafu. Mimi nauita ukoko, kwa sababu ni mafuta ya nyonyo, yale yanayolainisha injini, yaliyopikwa hadi yakagandamana na chuma, na ukilielewa hilo hutahangaika na dawa zisizofaa.

Mafuta ya nyonyo mabichi huyeyuka vizuri ndani ya methanoli, ndiyo maana huchanganywa pamoja kwenye tangi. Lakini yakipata joto kali mara nyingi, molekuli zake hushikana na kuwa kitu kipya, kigumu kama vanishi. Hapo hata ukiloweka injini kwenye methanoli wiki nzima, utaondoa mafuta ya juujuu tu. Ukoko wenyewe utabaki.

Kabla ya hatua yoyote, onyo moja. Usitumie kostiki soda, wala dawa ya kusafishia oveni, wala sabuni kali ya mashine ya kuoshea vyombo. Mwili wa injini ni alumini, na alumini huliwa na magadi makali: utaona povu, kisha chuma kinakuwa cheusi na chenye vishimo. Niliwahi kupoteza injini nzuri ya .46 (yaani inchi za ujazo 0.46, kama sentimita za ujazo 7.5) kwa dakika chache za kuloweka. Ukoko ulitoka kweli, lakini viti vya beringi vililika na beringi hazikushika tena. Ile injini bado inaniuma.

Kinachofaa ni kulanti ya gari (kimiminika cha kupozea kinachotiwa kwenye rejeta), ile iliyotengenezwa kwa ethilini glikoli, isiyochanganywa na maji, ikipashwa moto polepole kwa saa nyingi.

Hatua ya 1: Legeza injini iliyokwama

Kama propela haizunguki, usilazimishe. Usiingize bisibisi kwenye tundu la ekzosi ili kuzuia pistoni, na usishike krankshafti (mhimili unaozungusha propela) kwa koleo. Toa plagi, pasha kichwa na mwili kwa hewa ya moto (draya ya nywele inatosha kwa injini ndogo), dondoshea mafuta mepesi kupitia tundu la plagi na la ekzosi, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikigoma, pasha tena. Mafuta ya nyonyo yaliyoganda hulegea kwa joto, na zoezi hili huchukua kati ya dakika tano na nusu saa.

Kumbuka pia kwamba injini za aina ya ABC, zenye pistoni ya alumini na slivu (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu, hubana pistoni inapofika juu kabisa. Slivu yake ni nyembamba zaidi juu kuliko chini kwa makusudi. Kubana huko wakati injini ni baridi ni afya yake.

Hatua ya 2: Fungua

Skrubu za zamani zimegandishwa na ukoko uleule, kwa hiyo pasha kila sehemu kabla ya kugusa spana. Tumia spana ya L ambayo kona zake bado ni kali. Iliyochakaa italiharibu tundu la skrubu, na kazi ya saa moja itageuka ya siku mbili. Legeza skrubu za kichwa kwa mshazari, kidogokidogo.

Piga picha kila unapotoa kitu. Andika slivu ilielekea wapi, na hasa pistoni na konrodi (mkono unaoiunganisha pistoni na krankshafti) zilielekea upande gani, kwa kuwa zimezoeana na nyuso zao na lazima zirudi vilevile. Slivu ikigoma kutoka, pasha mwili wa injini, kisha isukume kwa kijiti cha mti. Kama pistoni ina ringi, usiitoe. Ni nyembamba na huvunjika kirahisi, na ukoko wa kwenye mfereji wake utalegea ukiwa hapohapo.

Kabureta weka kando, pamoja na gasketi, mipira yote na chochote cha plastiki. Sehemu za alumini zilizotiwa rangi, nyekundu au buluu, nazo zibaki nje, maana rangi hupauka. Kabureta ioshe kwa methanoli na mswaki, mbali na moto. Mwali wa methanoli hauonekani vizuri mchana, na mvuke wake ni sumu, kwa hiyo fanyia kazi hii nje.

Kama beringi zina kutu au zinakwaruza, huu ndio wakati wa kuzitoa. Toa krankshafti, weka mwili mtupu kwenye oveni hadi nyuzi 150 hivi, ushike kwa glovu nene, kisha ugonge juu ya ubao. Alumini hutanuka kuliko chuma cha beringi, kwa hiyo beringi ya nyuma hudondoka yenyewe. Ya mbele huhitaji kusukumwa kwa kijiti.

Hatua ya 3: Ipike

Chukua sufuria ya umeme ya kupikia polepole, na kuanzia siku hiyo isirudi jikoni kamwe. Ethilini glikoli ni sumu inayoharibu figo, na ina ladha tamu, jambo linaloifanya kuwa hatari zaidi kwa watoto, mbwa na paka. Weka sufuria nje au kwenye banda lenye hewa, mahali ambapo hakuna anayeweza kufunua kifuniko bila wewe kujua. Usitumie jiko la mkaa wala la gesi, kwa sababu mvuke wa glikoli iliyopata joto kupita kiasi unaweza kushika moto.

Panga vipuri bila kugongana, mimina kulanti hadi ivifunike, washa kwa joto la chini kabisa. Isichemke. Ukoko mwepesi hulegea kwa saa tatu au nne. Ule mweusi wa kwenye kichwa na kuzunguka ekzosi nauacha usiku kucha, na mara nyingine narudia siku ya pili. Hapa ndipo watu hukata tamaa na kuchukua msasa. Usichukue msasa. Kulanti ikigeuka rangi ya chai ya rangi, jua kazi inaendelea.

Hatua ya 4: Sugua, suuza, kausha

Toa kipuri kimoja kimoja kwa koleo kikiwa bado cha moto, ukiwa na glovu za mpira nene na miwani. Ukoko sasa utakuwa laini na mswaki utauondoa. Kwenye pembe za mapezi tumia kijiti cha mti kilichochongwa. Ndani ya slivu na juu ya ubavu wa pistoni usiguse kwa chuma chochote. Kitambaa na kidole vinatosha.

Suuza kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, kisha kwa methanoli au spiriti ili kuondoa maji, kisha kausha kwenye oveni yenye joto kidogo. Usilale kabla hujapaka mafuta. Glikoli imeondoa kila tone lililokuwa likilinda chuma, na krankshafti au beringi huanza kushika kutu usiku huohuo.

Kulanti iliyotumika ichuje kwa kitambaa na uihifadhi kwenye chupa iliyofungwa na kuandikwa wazi. Ikichoka, ipeleke panapopokea mafuta machafu ya magari, isimwagwe ardhini.

Hatua ya 5: Rudisha na uwashe

Paka mafuta kila uso, rudisha kwa kufuata picha zako, na kaza skrubu za kichwa kwa mshazari kwa awamu mbili au tatu. Kisha zungusha kwa mkono usikilize mgandamizo. Injini iliyochakaa wakati mwingine hugandamiza vizuri kwa sababu ukoko ulikuwa umeziba pengo kati ya pistoni na slivu. Ukoko ukiondoka, ukweli huonekana, na huenda ukahitaji slivu na pistoni mpya.

Tangi la kwanza liende na mafuta mengi na hewa kidogo, kwa mwendo wa chini. Mafuta ya ekzosi yatatoka meusi mwanzoni, kwani mabaki yaliyolegea yanasukumwa nje. Yakishakuwa safi, kaza sindano ya kabureta, ile inayopunguza mafuta, taratibu hadi injini ifike mwendo wake.

Siku za kuruka zikiisha, zima injini kwa kubana mpira wa mafuta ili iunguze yote yaliyobaki ndani, hasa kama unatumia nitromethani (kemikali inayoongezwa kwenye methanoli ili kuongeza nguvu), ambayo mabaki yake hula beringi. Tia matone machache ya mafuta kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, zungusha propela mara kumi, kisha ifute kwa kitambaa ingali na joto, kabla mafuta ya nje hayajapikwa tena kwenye safari ijayo.