Taa hewa kwenye picha za usiku

Umepiga picha za karabai za wavuvi wa dagaa kutoka ufukwe wa Kibirizi, Kigoma. Filamu imesafishwa, na juu ya ziwa zinaelea taa ambazo hazikuwapo. Hizo ni taa hewa.

Chukua rula. Kwenye picha nzima, isiyokatwa, ipitishe juu ya taa halisi na katikati kabisa ya fremu. Taa hewa ikiwa upande wa pili, umbali uleule, mkosaji karibu kila mara ni filta, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi: mwanga hugonga filamu inayong'aa, hurudi kupitia lenzi, hukuta kioo bapa cha filta na kurushwa tena ndani. Ivue. Ile ya UV, ya kuzuia miale ya urujuanimno, usiku haina kazi, hata kama muuzaji aliapa.

Bila filta bado zipo? Basi vioo vya ndani ya lenzi vinarushiana mwanga. Piga fremu mbili: moja tundu la lenzi likiwa pana (f/4), nyingine likiwa dogo (f/11). Umbo la taa hewa likibadilika, ndivyo. Geuza kamera kidogo taa kali itoke kwenye fremu, kisha kinga lenzi kwa kiganja.

Duara jekundu kuizunguka taa yenyewe ni kesi nyingine: mwanga umepenya filamu ukarudi kutoka mgongoni mwake. Punguza muda wa shata kuwa wazi.