Video za magrupu zinajaza wingu

Kabla hujalipia nafasi zaidi kwenye wingu la Google, yaani hifadhi yake ya mtandaoni, kagua WhatsApp yako. Akaunti ya bure ina GB 15, na humo hubanana Drive, Gmail, Google Picha na nakala za akiba za WhatsApp za Android. Zikijaa, Gmail huacha kupokea barua, hata ile ya kuitwa kazini.

Kwenye WhatsApp, fungua Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi. Anza kufuta video zilizosambazwa mara nyingi, halafu zinazozidi MB 5: zile za "asubuhi njema" zenye maua na muziki. Kisha rudi Mipangilio, ingia Gumzo, sehemu ya nakala, zima kujumuisha video, na uhifadhi nakala upya. Hapa ndipo wengi hukosea: wakishafuta wanaondoka, na nakala ya zamani inabaki vilevile hadi mpya ichukue nafasi yake.

Piga hesabu. Video ya MB 16 kwenye grupu la watu 200, wote wakiihifadhi, ni GB 3.2 za kitu kilekile. Na wingu hilo ni majengo ya seva, kompyuta zinazotunza data, yanayokula umeme na maji ya kupoozea mitambo. Kule The Dalles, Oregon, Marekani, vituo vya Google vilitumia zaidi ya robo ya maji ya mji mwaka 2021.

Kwenye Google Picha uwe makini: ukifuta humo, picha huondoka na kwenye simu. Tupio huzishikilia siku 60 na bado zinahesabiwa, kwa hiyo limwage.