Kupanga Kanuni za Dadu kwa Mchezo wa Kuigiza Uhusika Mezani

Mchezo wa kuigiza uhusika huchezwa na watu wachache waliokaa meza moja: mmoja wao ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na pale hadithi inapofika mahali ambapo hakuna ajuaye jambo litaishaje, dadu hurushwa. Anayebuni mchezo wa namna hii kwa kawaida huanza kwa kuchagua dadu. Ningemshauri aanze na kazi anayotaka kuisimulia, apime wanaoifanya wana ujuzi kiasi gani, kisha ndipo atafute hesabu itakayouonyesha ujuzi huo mezani.

Tuchukue mchezo wa wavuvi wa dagaa wanaoingia ziwani jioni kutoka Mwanza na kurudi alfajiri kuuza Mwaloni, Kirumba. Hawa ni watu wanaoijua kazi yao. Wakitega taa wakati wa giza, usiku mwingi watapata mzigo wa kawaida; usiku wa neema ya ajabu au wa kurudi mikono mitupu hutokea, lakini ni wa nadra. Ukitumia dadu moja, utakuwa umewadhulumu, kwa sababu kila namba ina nafasi sawa na nyingine: katika dadu ya pande sita, 1 huja mara nyingi sawasawa na 4. Ndivyo ilivyo pia kwa dadu ya pande 20, iliyopata umaarufu kupitia Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, ambamo kila uso una uwezekano wa asilimia 5.

Rusha dadu mbili za pande sita na ujumlishe, mambo yanabadilika. Kuna njia 36 za dadu hizo kuangukia, na kati yake 6 zinatoa jumla ya 7, ilhali 2 inapatikana kwa njia moja tu, na 12 vilevile. Matokeo hukusanyika katikati, kama yanavyokusanyika maishani kwa mtu mzoefu. Dadu moja ibakize kwa mambo yasiyomtii mtu yeyote, kama dhoruba inayozuka usiku au injini ya mtumbwi inayozimika katikati ya maji. Tena dadu za pande sita zina faida nyingine: ndizo zinazokuja na ludo, kwa hiyo mchezaji hatalazimika kuagiza kitu kutoka mbali.

Hatua inayofuata ni kuweka shabaha, yaani jumla ambayo mchezaji lazima aifikie au aipite. Kwa dadu mbili, shabaha ya 6 hufikiwa kwa asilimia 72, ya 7 kwa 58, ya 8 kwa 42, ya 9 kwa 28 na ya 10 kwa 17. Ziandike namba hizi na uzibandike mahali unapofanyia kazi, maana wabunifu wengi hudhani tofauti ya 7 na 8 ni ndogo, kumbe mchezaji anapoteza asilimia 16 nzima. Ukiamua kwamba mbalamwezi inapandisha shabaha kwa moja, kwa kuwa mwanga wa mwezi hufifisha mvuto wa taa kwa dagaa, basi umeshaweka adhabu nzito. Usiongeze ya pili juu yake bila kufanya hesabu.

Kwa sababu hiyohiyo nyongeza ya ujuzi, yaani namba ambayo mhusika mzoefu huongezewa kwenye jumla ya dadu, iwe na kikomo. Nahodha mwenye nyongeza ya 3 dhidi ya shabaha ya 8 anahitaji 5 tu kwenye dadu, na atafaulu kwa asilimia 83. Mpe nyongeza ya 5 na atafaulu kwa asilimia 97; hapo kurusha dadu ni kupoteza muda. Kwa msaada wa muda, kama vile mwenzake kumshikia kasia, napendelea njia nyingine: arushe dadu tatu na ahesabu mbili zilizo kubwa. Asiye na nyongeza yoyote atapanda kutoka asilimia 42 hadi 68, lakini 12 haipitwi, na anafurahia kushika dadu ya ziada mkononi.

Usiishie kwenye kufaulu na kushindwa. Gawa jumla katika mafungu matatu: 6 kushuka chini ni kushindwa, 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama, 10 na kuendelea ni kufaulu kikamilifu. Uwezekano wake ni asilimia 42, 42 na 17. Fungu la kati ndilo linaloisukuma hadithi, kwa hiyo liandikie mifano mingi: wavu umejaa lakini umechanika; mmefika Ukerewe lakini mafuta yamekwisha.

Sasa jambo ambalo kanuni nyingi hulisahau: dadu irushwe mara ngapi? Msimulizi akitaka mchezaji mwenye asilimia 83 arushe mara tatu ili avuke salama, nafasi ya kufaulu zote tatu inashuka hadi asilimia 58, na baharia hodari anageuka kuwa mtu wa kubahatisha. Andika waziwazi kwamba safari moja ni mrusho mmoja, na kwamba dadu haiguswi pale ambapo kushindwa hakuleti jambo jipya. Wachezaji wa bao, waliozoea mchezo ambao kila kete iko wazi mbele ya macho, watakuwa wa kwanza kulalamika bahati ikizidi akili, na malalamiko yao yafaa kusikilizwa.

Kabla ya kuwaita watu kuujaribu mchezo, kagua dadu zenyewe. Nyuso zinazotazamana lazima zijumlike 7. Kisha koroga chumvi nyingi kwenye glasi ya maji mpaka dadu ya plastiki ielee, uizungushe kwa kidole mara kadhaa na kuiacha itulie. Ikiwa uso uleule unarudi juu kila mara, dadu hiyo ina upande mzito na itaharibu asilimia zote ulizozipanga.