Kupima joto linalotoka kwenye mwamba mkongwe wa Dodoma

Graniti iliyotapakaa Dodoma ni sehemu ya Kratoni ya Tanzania, kipande cha bara chenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Litosfia yake, yaani tabaka gumu la nje la Dunia, ni nene na ya baridi. Joto linalopanda kutoka chini ni dogo, kwa hiyo hata kosa dogo la upimaji linaweza kulifunika.

Tafuta shimo la uchorongaji lenye kina cha mita 300 au zaidi, ndani ya graniti ngumu. Visima vya Makutupora viache: vinapampu maji ya jiji, na maji yanayotembea huhamisha joto na kuvuruga vipimo. Epuka pia mipasuko ya Bonde la Ufa upande wa Bahi. Shimo jipya usilipime. Maji ya kuchorongea yamelivuruga, na kutulia kwake huchukua walau mara kumi ya muda wa kuchoronga. Haraka ya hatua hii huharibu data kuliko ubovu wa vifaa.

Shusha kipimajoto cha themista (kihisio cha umeme kinachobadilika kwa joto) kinachotofautisha nyuzi 0.01, usome kila mita 5 na usubiri namba itulie. Soma ukishuka tu; ukipanda, waya umeshakoroga maji. Mita 20 za juu hufuata majira ya mwaka. Hadi mita 100 hivi bado kuna athari za mabadiliko ya tabianchi na ukataji miti, kwa hiyo usizitumie kwenye hesabu.

Tuseme mita 100 zimesoma nyuzi 27.50 na mita 300 nyuzi 30.30. Ongezeko ni nyuzi 14 kwa kilomita. Zidisha kwa upitishaji joto wa sampuli za mwamba wa shimo hilohilo, zikiwa zimelowa, kwani zikikauka hewa iliyo kwenye nyufa hushusha namba. Ukipata wati 3.0 kwa mita kwa nyuzi, jibu ni miliwati 42 kwa mita ya mraba. Wastani wa mabara ni kama 65.

Sasa usichukulie kwamba ongezeko hilo la nyuzi 14 linaendelea vilevile hadi chini: kwenye kilomita 150 ungevuka nyuzi 2,000, wakati mwamba wa kina hicho ni mgumu, haujayeyuka. Urani, thori na potasiamu ndani ya graniti huzalisha joto, na ongezeko hupungua kadiri unavyoshuka. Zipime kwa spektromita ya gama, kifaa kinachosoma mionzi yake. Graniti ya mikrowati 2 kwa mita ya ujazo, yenye unene wa kilomita 10, inatoa miliwati 20 kati ya zile 42 peke yake. Chini ya hapo, hesabu ya halijoto ianze na 22, si 42.