Kufuatilia neno "babu" kwenye lugha yoyote: fanya hivi usije ukaumbuka

Wiki chache zilizopita binamu yangu alirusha voisi ya dakika nne kwenye grupu la ukoo, anaeleza kwamba neno babu ni la Kihindi, limeshuka na majahazi. Wazee wakamimina makofi, mjomba mmoja akaandika "umesoma mwanangu". Mi nikakaa kimya. Sio kwamba ni mtaalamu, ila nina kaugonjwa ka kuokota neno la babu kwenye kila lugha ninayokutana nayo, na nishaumbuka vya kutosha kujua kwamba maneno mawili kufanana tu hakujakwambia kitu bado. Sasa nikaona badala ya kubishana naye pale mbele ya wazee niandike navyofanya, na yeye atasoma.

Kwanza kabisa anza na mtu, usianze na simu. Programu ya kutafsiri itakupa neno moja kavu, haikwambii linatumikaje. Mi nilipoenda ukweni Masaka, Uganda, mara ya kwanza niliambiwa jioni "jjajja" anakuja kuniona. Nikajiandaa, nikatoa kofia nzuri ya kiua niliyobeba kutoka Dar, nikajipanga na salamu zote. Mlango ukafunguka, akaingia bibi mfupi na gomesi yake ya kijani, lile gauni la heshima la Waganda, kashika mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Kwa Kiganda jjajja ni babu na ni bibi vilevile, wakitaka kutofautisha ndo wanaongezea, jjajja omusajja ni babu, jjajja omukazi ni bibi. Kofia nilimpa hivyohivyo, akaivaa, watoto wakacheka mpaka wakalia.

Kwa hiyo ukikaa na mtu muulize maswali mawili tofauti: unamwitaje akiwa mbele yako, na unamsemaje akiwa hayupo. Halafu la tatu ambalo watu wengi wanalisahau, babu yangu, babu yako, babu yake, yote matatu. Kwenye lugha nyingi za kwetu za Kibantu neno linabadilika kulingana na mwenye babu. Chukua Kinyarwanda: babu ni sogokuru, lakini babu yako ni sokuru na babu yake ni sekuru. Ukiandika moja tu utadhani umemaliza kumbe umeshika mkia. Ukiziweka tatu pamoja unaona mwenyewe kwamba mwisho haubadiliki, -kuru, na kinachobadilika ni kule mbele, so ni baba yako, se ni baba yake. Ni kama sisi na babangu, babako, babake, ila sisi tunabadilisha nyuma.

Hapo ushaingia kwenye kazi yenyewe, kulivunja neno. Hiyo -kuru ni nani? Ni -kuu yetu. Mkuu, kuukuu, mji mkuu. Ila usiniamini kirahisi, omba ushahidi, na ushahidi hapa ni sauti kupotea kwa utaratibu. Kiswahili kina tabia ya kumeza l iliyokuwa katikati ya irabu. Mganda anasema enjala, sisi njaa. Anasema okugulu, sisi mguu. Eggulu, juu. Omuzzukulu, mjukuu. Mukulu, mkuu. Ukiona inatokea mara tano kwa namna ileile hiyo sio bahati, hiyo ni sheria ya lugha, na hapo unaweza kusema kwa kifua mbele kwamba -kulu, -kuru na -kuu ni ndugu. Basi ukishaujua huo mlango lugha zinafunguka zenyewe: Wakisii wanasema sokoro, Wabemba wa Zambia shikulu, Washona wa Zimbabwe sekuru, Wazulu umkhulu au ubabamkhulu. Wote hao wanamwita babu "baba mkuu" kwa njia moja au nyingine.

Na dunia nzima imejaa hiyo kitu. Mturuki anasema büyükbaba, büyük ni kubwa na baba ni baba hukohuko, yaani ukiitafsiri neno kwa neno unapata baba mkubwa, ambaye kwetu ni mtu mwingine kabisa, kaka yake baba, na siku ya kikao cha mahari tofauti hiyo sio ya mchezo. Mwajemi anasema pedarbozorg, baba mkubwa. Mhungari nagyapa, baba mkubwa. Mfini isoisä, baba mkubwa. Mmalagasi dadabe, dada ni baba na be ni kubwa. Mwairishi anasema seanathair na Mwestonia vanaisa, hao wao ni baba mzee. Mdenmaki ana bedstefar, baba bora, nadhani huyo kazidisha mapenzi. Mwingereza wa leo anaweka grand, neno alilolipata kwa Wafaransa baada ya Wanormani wa kutoka Ufaransa kumteka 1066, kabla ya hapo alikuwa na lake mwenyewe, ealdefæder, baba mzee.

Lakini usipitishe lugha nyingi kwenye mlango huu ukasahau kwamba kuna mlango wa pili, na huu ndo unaoua watu wengi akiwemo binamu yangu. Maneno ya kitoto. Mtoto anaanza na midomo, ba, ma, pa, halafu da, ta, na, ka, anarudiarudia, na wazazi wa kila nchi wanajipendekeza kwamba anawaita wao. Roman Jakobson, mtaalamu wa isimu aliyezaliwa Moscow, alilieleza hili vizuri 1960. Kwa hiyo sauti ni zilezile chache duniani kote, ila kila watu wamezigawa wanavyotaka wao. Kaka kwetu ni ndugu wa kiume, kwa Mhausa kaka ni babu au bibi. Dada kwetu ni dada, kwa Mhindi dada ni babu mzaa baba na nana ni babu mzaa mama. Baba kwa Mrusi ni mwanamke mzee, ndo imezaa babushka, bibi. Na hii ya Georgia, ile nchi ya kwenye milima ya Caucasus, ndo naipenda kuliko zote kwa sababu inawachanganya watu: kule mama ni baba. Sijakosea kuandika. Mama ni baba, na mama mzazi ni deda.

Sasa sikiliza vizuri, hapohapo Georgia babu anaitwa babua na bibi anaitwa bebia. Babua na bebia! Ingekuwa kufanana ndo ushahidi tungesema Waswahili wametoka Tbilisi, mji mkuu wao. Hakuna jahazi lililopita huko, ni watoto tu wa huku na kule wenye midomo inayofanana.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, neno likiwa fupi, lina silabi zinazojirudia, na ni la ndani ya nyumba, kufanana nakupa alama sifuri. Lete kitu kingine, lete utaratibu wa sauti kama ule wa l, au lete historia ya watu kukutana pamoja na maana inayoendana. Ukitaka kuona ugumu wake nenda Kenya, kuanzia katikati mpaka Bonde la Ufa na magharibi. Mkikuyu anasema guka, Mluhya kuka, Mkalenjin kugo. Wa mwisho huyo sio Mbantu kabisa, lugha yake iko kwenye ukoo mmoja na Wamaasai. Hapo usikimbilie kutangaza nani kamwazima nani, tafuta kwanza bibi wanamwitaje, mjomba, mjukuu, jaza jedwali, ndo uongee. Jirani yao Mjaluo hana hata habari na huo mtindo, yeye kwake ni kwaro.

Ushahidi wa kuazima ukiwepo unakuwa mtamu sana. Ufilipino babu anaitwa lolo, ukisikia unadhani ni la kitoto tu, kumbe limetoka kwenye abuelo ya Wahispania waliotawala pale zaidi ya miaka 300. Na abuelo nayo inarudi Roma, kwenye avus, babu, iliyowekewa kamkia ka kuonyesha udogo. Sisi nasi tuliazima kwa Waarabu ila tulifanya ujanja. Kwao jadd ni babu, Mmisri anamwita giddu. Tukaichukua ikawa jadi, tangu jadi, asili na jadi, lakini mzee mwenyewe hatukumpa, yeye akabaki na babu lake.

Kuna jambo jingine la kuuliza na mi naona ndo lenye utajiri kuliko yote: neno hilo linamfikia nani mwingine? Maana babu hakai peke yake kwenye ukoo. Wenzetu wengi hawakubali hata kuwachanganya mababu wawili, Mswidi ana farfar, baba wa baba, na morfar, baba wa mama. Mchina naye babu mzaa mama anamwita waigong, na hiyo wai maana yake ni nje, babu wa nje, unaona kabisa ukoo unahesabiwa upande gani. Sisi tunamalizia kwa babu mzaa baba na babu mzaa mama na maisha yanaendelea.

Halafu Mshona. Sekuru yake ile haiishii kwa babu, na mjomba, kaka yake mama, anaitwa sekuru vilevile. Nilivyosikia mara ya kwanza nilidhani jamaa ananichanganya. Baadaye nikakutana na Kilatini, avus ni babu, na mjomba upande wa mama ni avunculus, yaani kababu, babu mdogo. Hiyo avunculus ndo imekuwa oncle ya Wafaransa, ikaenda mpaka Uingereza, ikatupatia "anko" tunaemwita konda wa daladala. Harare na Roma ya zamani hawakuambizana, ila wote walimtazama kaka yake mama wakamwona babu ndani yake.

Wajerumani wamelipeleka upande wa pili. Mjukuu kwao ni Enkel, na ukilifuata nyuma mpaka Kijerumani cha kale unakuta ni babu mdogo, limetokana na ano, babu. Mjukuu ni kababu! Mtu wa huku haimshangazi hata kidogo. Si mtoto wa kwanza wa kiume Ukikuyuni anapewa jina la baba wa baba yake, na baba yake anaweza kumtania kwa heshima zote za mzee? Si kwetu mama anamwita mwanae "baba", "njoo baba ule"? Wasomali wamenyoosha zaidi, babu ni awoowe, na babu mwenyewe akimwita mjukuu naye anamwita awoowe. Kwa hiyo ukimrekodi mzee wa Kisomali akiongea na mtoto usije ukaandika kwenye daftari kwamba awoowe ni mtoto. Niliwahi kuandika hivyo. Lipo hadi leo, nimelikata kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu kuandika, huhitaji makubwa. Daftari la kawaida, kila lugha ukurasa wake: anavyoitwa, anavyosemwa, yangu yako yake, upande wa baba na wa mama, bibi, mjomba, mjukuu, na nani kakwambia na ni mtu wa wapi. Hilo la wapi usiliruke. Ukimwambia Mkenya "bibi yangu anaumwa" atakuuliza mmeoana lini, kwake bibi ni mke, mama wa mzazi ni nyanya. Ukienda Komoro babu ni bakoko na bibi ni koko, na ukiivuka bara mpaka Kinshasa utasikia koko kwa Kilingala, safari hii ni wa kike na wa kiume.

Sasa binamu yangu. Babu ya Kihindi ipo kweli, lakini ni cheo, ni bwana, mheshimiwa, karani wa ofisini, kuna na wanaomwita baba hivyo. Babu mwenyewe wa familia Mhindi anasema dada au nana kama nilivyokwambia. Maana haiendani, neno lenyewe ni fupi la kujirudia, na pembeni yake sisi tuna baba ambayo iko kwenye lugha za Kibantu kibao mpaka kwa Mzulu. Mi simpi alama.

Nilimtumia haya yote inbox, sio grupuni, ni mkubwa kwangu. Tiki zikageuka bluu, akakaa muda, akajibu neno moja, "na bibi je?"

Hapo ilibidi nimpe haki yake. Bibi ni neno la Kiajemi, mwanamke wa heshima, na Wahindi nao wanalo, likafika pwani likawa cheo, Bibi fulani, ndo mana Mkenya akalifanya mke na sisi tukalifanya mama wa mzazi. Limekuja na majahazi kama alivyosema, alikosea mtu tu. Dakika tano baadaye nasikia simu inalia, grupu la ukoo, voisi mpya, dakika sita.