Kuvusha jinsia ya mhusika hadi kwenye "yeye"

Kwa Kiswahili, "he" na "she" zote huishia kwenye "yeye". Mara nyingi haidhuru. Lakini zipo kazi za Kiingereza ambazo jinsia ndiyo roho yake, na hizo mimi huzitafsiri hivi.

Hatua ya 1. Soma kitabu chote ukiwa na penseli za rangi mbili, uzungushie viwakilishi vya kike na vya kiume. Katika riwaya ya Orlando ya Virginia Woolf (1928) rangi hubadilika njiani: Orlando, mhusika mkuu aliyezaliwa mwanamume, analala siku saba huko Constantinople, anaamka mwanamke, na msimulizi anatangaza kwamba sasa atabadili kiwakilishi, kwa kufuata desturi tu. Tangazo hilo nalibakiza, ila badala ya viwakilishi nataja "bwana" na "bibi".

Hatua ya 2. Kumbuka zama. Katika tamthilia ya Twelfth Night ya Shakespeare, Viola, msichana anayejivika kiume, aliigizwa na mvulana aliyejifanya msichana anayejifanya mvulana. Waigizaji wa kike walianza kuzoeleka majukwaani London tangu 1660.

Hatua ya 3. Chunga majina ya undugu. Hapa ndipo penye kazi. Viola, akiwa kwenye mavazi ya kiume, anamwambia Orsino, bwana anayemtumikia, kwamba yeye ndiye mabinti wote wa nyumba ya baba yake, na kaka wote pia. Mara ya kwanza niliandika "ndugu wote", nikaona imekaa vizuri. Kumbe nimeua mstari mzima! Viola anamwaza Sebastian, kaka yake anayedhani amezama, na papo hapo anakiri nusu ya siri ya mavazi yake. "Ndugu" inayafuta yote mawili.

Hatua ya 4. Pima kila "oa" na "olewa", maana hapo Kiswahili husema zaidi ya Kiingereza. Msimulizi wa Written on the Body ya Jeanette Winterson (1992) hatajwi jinsia mwanzo hadi mwisho. "Mimi" na "mpenzi" zinamsitiri. "Nimuoe" ingemfichua, kwa hiyo ndoa "inafungwa". Kwa Orlando usikwepe: andika "anaolewa". Enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza (karne ya 19) ndiyo inayomsukuma, na kule kusukumwa kumo ndani ya kitenzi.

Hatua ya 5. Mpe sura moja mtu ambaye hajasoma kitabu asilia, umuulize msimulizi ni mwanamume au mwanamke. Kwa Winterson, akikujibu kwa uhakika, rudi ukautafute mnyambuliko wa kitenzi uliokusaliti.