Mafuta ya zeituni badala ya siagi: vipimo vya jikoni Mbeya na Iringa

Keki nyingi huharibika kwa sababu siagi imebadilishwa gramu kwa gramu. Siagi si mafuta matupu. Katika gramu 100, mafuta ni kama 80, na sehemu kubwa ya zinazobaki ni maji. Zeituni ni mafuta matupu. Basi ukitoa siagi gramu 250, weka mafuta mililita 200, uongeze maziwa mililita 40 kufidia maji yaliyoondoka. Kijiko kimoja cha chakula cha siagi ni sawa na vijiko viwili vya chai vya mafuta na robo. Samli na mafuta ya mgando hayana maji, kwa hiyo hayo yabadilishe kijiko kwa kijiko. Majarini hutofautiana, soma asilimia ya mafuta kwenye kopo.

Kwenye keki kuna jambo kubwa kuliko maji, nalo ni hewa. Siagi ikipigwa na sukari hushika vipovu, na hivyo ndivyo husaidia keki kuumuka. Mafuta ya maji hayavishiki hata ukipiga saa nzima. Kazi hiyo wape mayai. Piga mayai 4 na sukari gramu 200 kwa dakika 5 hadi 7, mpaka yawe meupe na mazito, na ukiinua mchapo uzi wake ubaki juu kwa sekunde chache. Mimina mafuta mililita 150 kidogo kidogo huku ukiendelea kupiga, kisha maziwa mililita 100. Mwisho changanya unga gramu 250 kwa mwiko, taratibu, usipige tena. Ukimwaga mafuta yote kwa mkupuo yanazama, na keki inatoka na tabaka zito chini.

Beking pauda hapa ni kijiko kimoja na nusu cha chai, hata kama maelezo uliyozoea yanataka viwili. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa zaidi ya 1,500. Huku juu gesi hutanuka upesi, keki inapanda kabla unga haujashika, halafu inabonyea katikati. Oka kwa nyuzi 180, na usifungue oveni dakika 25 za mwanzo. Faida yake utaiona kesho yake: keki ya siagi hukakamaa kwa baridi ya Julai, ya mafuta inabaki laini.

Chapati zina hila yake. Samli huganda pale ulipoipaka na kutenga tabaka; zeituni hunywewa na donge, chapati inatoka bapa. Koroga vijiko 3 vya chakula vya mafuta na kijiko kimoja na nusu cha unga, upake uji huo kabla ya kukunja. Choma kwa moto wa wastani, maana mafuta yaliyoandikwa “extra virgin” huweza kuanza kutoa moshi karibu nyuzi 190, na yakishatoa moshi huwa machungu. Maandazi kaanga kwa alizeti. Kujaza karai zeituni ni kutupa pesa, na ladha yake haitasikika.

Ladha hiyo inasikika kwenye viazi vya kuponda: kilo moja ya viazi mviringo, mafuta mililita 60, maziwa ya moto mililita 100. Chemsha viazi muda mrefu kidogo, kwa sababu Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Kwa chainizi au njegere, kaangia kitunguu alizeti, kisha tia kijiko kimoja cha zeituni wakati wa kuepua. Usizidishe ukidhani hayana nguvu ya kunenepesha: kijiko cha chakula kina kalori kama 120, siagi kama 100. Kilicho kidogo ndani yake ni mafuta yanayoganda, kama asilimia 14, wakati siagi ina karibu 50.

Biskuti za kukatika, keki za tabaka na krimu ya kupamba ziachie siagi. Zinahitaji mafuta yanayosimama yenyewe.

Asubuhi ya baridi ukikuta chupa ina ukungu na chembe nyeupe, hayajaharibika. Isimamishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10. Yaliyoharibika hunuka kama karanga kuukuu. Funga vizuri, weka kabatini mbali na jiko na dirisha, umalize ndani ya miezi 2 au 3 baada ya kufungua.